Deni la Anayeombwa: Kuomba na Kutoa Fadhila katika Masimulizi ya Kale ya Maziwa Makuu na Pwani

Ikisiri

Makala hii inachunguza tendo la kuomba na kutoa fadhila katika masimulizi manne ya kale: kisa cha Wamara na Kintu kinachosimuliwa Buhaya, kisa cha Kintu na Nambi cha Buganda, ngano ya Sultani Darai ya Unguja, na kisa cha kifo cha Ryangombe cha Rwanda. Masimulizi ya aina hii yamezoeleka kufasiriwa kama mafunzo ya shukrani yanayoelekezwa kwa mnyonge aliyesaidiwa. Makala inadai kwamba fasiri hiyo inapuuza jambo lililo wazi katika matini zenyewe: mhusika anayesahau fadhila ni mtawala, yaani yule ambaye katika maisha ya kila siku ndiye huombwa. Masimulizi haya humtoa bwana kwenye kiti cha mtoaji na kumkalisha kwenye mkeka wa mwombaji. Uchambuzi unaongozwa na mawazo ya Vladimir Propp kuhusu mtoaji katika ngano na ya Marcel Mauss kuhusu zawadi, na unaonyesha mahali ambapo mawazo ya Propp hayatoshi. Eneo la rejea ni Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako mikondo miwili ya masimulizi ya Maziwa Makuu hukutana.

1.0 Utangulizi

Nyamiaga ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika pembe ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, pembe hiyo ina umuhimu usiolingana na udogo wake katika ramani. Lugha za Ngara, Kihangaza na Kishubi, ziliwekwa na Malcolm Guthrie katika kundi la D60 pamoja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Ukielekea mashariki, Biharamulo, unaingia katika nchi ya Wasubi na Wazinza, na Kizinza kimepangwa katika kundi la E20 pamoja na Kihaya. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi kabla ya mipaka ya kikoloni. Buzinza na Rusubi zilitawaliwa na Wahinda, ukoo uliotawala pia Karagwe na Ihangiro, na ambao hujinasibisha na Wamara, mfalme wa mwisho wa Wachwezi. Kwa hiyo eneo hili limekaa kati ya mkondo wa magharibi wa Ryangombe, ambaye Burundi huitwa Kiranga, na mkondo wa kaskazini na mashariki wa Wamara na Wachwezi.

Mikondo yote miwili imejaa watu wanaoomba. Wanaomba ng'ombe, mbegu, mke, ngozi ya kubebea mtoto, mtoto wa kusaidia kazi, au uji wa kumponya mgonjwa. Katika masimulizi yenyewe ombi ndilo linalosukuma matukio na ndilo linaloleta maafa. Hata hivyo, uhakiki umelishughulikia kwa haraka. Jambo hilo hutajwa chini ya kichwa cha dhamira, hupewa jina la "shukrani" au "utovu wa shukrani", hufungwa kwa methali kama "Fadhila za punda ni mateke", kisha mhakiki huendelea na wahusika na mandhari. Njia hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, inayafanya masimulizi tofauti yaseme jambo moja. Pili, inachukulia bila kuuliza kwamba anayeonywa ni yule aliyepewa kwa sababu hana kitu. Makala hii inauliza swali rahisi zaidi: katika masimulizi haya, nani anaomba, nani anatoa, na nani anasahau?

Uchambuzi unategemea matini zilizochapishwa na zinazofahamika kwa wataalamu. Kisa cha Wamara kinarejelewa kwa kufuata umbo lake la Buhaya, ambako visasili vya chimbuko vilichapishwa mapema na mmisionari Edmond Césard katika jarida la Anthropos mwaka 1927. Kisa cha Kintu na Nambi kinarejelewa kwa kufuata kitabu cha John Roscoe cha 1911 na matoleo yanayokaribiana nacho. Ngano ya Sultani Darai imo katika mkusanyo wa Edward Steere uliochapishwa mwaka 1870. Kisa cha Ryangombe kinarejelewa katika umbo linalojirudia katika matoleo mengi ya Rwanda. Ngano ya pwani imeingizwa kwa makusudi, ili kupima kama muundo unaoonekana Maziwa Makuu ni wa huko peke yake au la.

2.0 Kusaba, Kugaba na Kufadhili

Kabla ya kuzichambua matini ni vyema kuyatazama maneno. Kirundi na Kinyarwanda, ndugu wa karibu wa Kihangaza, hutumia gusaba kwa maana ya kuomba. Kihaya husema okushaba, na Kiganda okusaba. Neno hilo hubeba maombi ya kila ngazi: kuomba moto kwa jirani, kuomba mchumba, kuomba ng'ombe kwa bwana, na katika Kiganda hata kumwomba Mungu. Jibu lake katika ngazi ya juu ni kugaba, yaani kutoa kwa mkono wa mwenye mamlaka. Kiswahili kina ndugu wa neno hilo, kugawa, lakini maana yake imeegemea kwenye kutenganisha mafungu. Katika lugha za Maziwa Makuu kugaba kumebaki na harufu ya utawala: anayegaba ndiye bwana, na aliyegabiwa ni mtu wake.

Burundi ilitokana na kitenzi hicho desturi ya ubugabire, na Rwanda ilikuwa na desturi inayofanana nayo, ubuhake. Utaratibu wake unaweza kuelezwa kwa ufupi. Aliyetaka ng'ombe alikwenda kwa mwenye ng'ombe, akapeleka pombe, akahudumu, akaomba. Akipewa, alikunywa maziwa na kutumia samadi, lakini wajibu haukuisha: aliendelea kupeleka pombe, kufanya kazi na kurudisha sehemu ya uzao. Uhusiano ukivunjika, mtoaji angeweza kumdai ng'ombe wake. Rwanda iliifuta ubuhake mwaka 1954, wakati wa Mwami Mutara Rudahigwa. Buhaya nako kulikuwa na utaratibu wa ardhi wa nyarubanja, ambao uliwaweka wakulima chini ya wenye ardhi waliopewa mashamba na mukama. Sheria ya kuuondoa ilipitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 1965. Kwa hiyo masimulizi yanayojadiliwa hapa yalisimuliwa kwa vizazi vingi mbele ya hadhira iliyojua kwa mwili wake maana ya kuomba na kupewa.

Kiswahili kina kuomba, neno la Kibantu, na juu yake kina familia ya maneno ya asili ya Kiarabu: fadhili, fadhila, mfadhili, tafadhali. Katika familia hii kutoa ni wema unaozidi haki, na anayetoa hahesabiwi kuwa analipa. Methali za pwani, hata hivyo, hazina imani kubwa na wema huo. "Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi" inamshauri mtu kutotarajia malipo, huku "Wema hauozi" ikimwahidi kwamba malipo yatakuja. Katikati yake kuna methali inayomtetea mwombaji: "Mwomba chumvi huombea chungu chake." Mwombaji anayajua mahitaji yake, na ombi lake si aibu. Methali hizi tatu haziwezi kuwekwa pamoja kuwa funzo moja. Zinaonyesha kwamba jamii yenyewe ilikuwa inajadiliana juu ya jambo hili, na ngano ni sehemu ya mjadala huo.

Kinadharia, Propp, katika utafiti wake wa ngano za Kirusi wa mwaka 1928, aliorodhesha majukumu 31 ya wahusika. Matatu kati yake yanahusu mtoaji: mtoaji humjaribu shujaa, shujaa huitikia jaribio, kisha hupata kifaa cha ajabu. Baada ya hapo mtoaji huondoka katika hadithi, kwani kazi yake imekwisha. Mauss naye, katika insha yake juu ya zawadi ya mwaka 1925, alidai kwamba zawadi haiishi inapopokewa, bali huunda wajibu wa kutoa, kupokea na kurudisha. Tofauti kati ya wawili hao ndiyo njia ya kuingilia matini zifuatazo. Katika masimulizi haya mtoaji haondoki. Yuko mahali fulani, chini ya ardhi, mbinguni au kitandani, na anahesabu siku.

3.0 Wamara na Kintu: Mfalme Aliyesahau Kurudi

Kisa cha Wamara, katika umbo linalofahamika Buhaya, kinaanza kwa mawindo. Wamara, mfalme wa Wachwezi, na wenzake wanafuatilia windo hadi wanajikuta chini ya ardhi, katika nchi ya Kintu. Huko wanakuta utajiri ambao juu haujulikani. Kintu anawapokea, na wanapoondoka anawapa ng'ombe, mbuzi na mbegu. Wamara anaahidi kurudi kushukuru. Nchi ya juu inastawi, mifugo inaongezeka, na Wamara anasahau. Kintu anamtuma Rufu, yaani Kifo, kufuata deni. Ng'ombe anayependwa na Wamara anakufa, na mfalme na Wachwezi wake wanatoweka majini.

Katika muundo wa Propp kisa hiki kingeweza kuishia pale Wamara anapopanda juu na ng'ombe: upungufu umeondolewa. Lakini hadithi haina haja kubwa na sehemu hiyo. Hakuna jaribio la maana kabla ya kutoa, kwa kuwa Kintu anatoa kwa urahisi. Jaribio limesogezwa mbele, baada ya kupokea, na swali lake si nguvu wala ujanja bali kumbukumbu. Ahadi ya Wamara ni ndogo: aje aonekane na aseme asante. Kintu hadai ng'ombe wake warudi. Anachodai ni kwamba uhusiano uendelee kutambuliwa.

Jambo la kuzingatia zaidi ni cheo cha aliyesahau. Wamara ndiye mgabaji mkuu. Kila ng'ombe aliyetolewa kwa mtu yeyote katika nchi yake ametoka, kwa mantiki ya kisasili, katika kundi alilopewa na Kintu. Mwenye kugaba kumbe aligabiwa. Msikilizaji aliyepeleka pombe kwa bwana wake kila msimu, na ambaye angenyang'anywa ng'ombe kama angesahau, anasikia hapa kwamba bwana wa mabwana alisahau, na kwamba kusahau kwake kulileta mauti kwa wote. Kisasili hakisemi kwamba watumishi wasishukuru. Kinasema kwamba sheria wanayoishi nayo inamfunga pia yule anayewadai, na kwamba yeye ndiye aliyeivunja kwanza.

Ibada iliyofuata inaongeza maana nyingine. Wamara hakupotea katika mawazo ya watu; aligeuka kuwa mmoja wa wakuu wanaoombwa na kutolewa sadaka. Ibada za Wachwezi zinaweza kusomwa kama utekelezaji usiokoma wa kile alichosahau: watu hurudi, huleta, hushukuru. Mfalme aliyekosa kurudi kwa mtoaji wake sasa anarudiwa na watu wake.

4.0 Kintu na Nambi: Ombi la Pili

Ukivuka Mto Kagera kwenda kaskazini hadi Buganda, jina la Kintu linakaa kiti kingine. Hapa Kintu ndiye mwombaji. Ni mtu wa kwanza, mpweke, mwenye ng'ombe mmoja tu. Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni, anamtaka. Ndugu zake wanamdharau. Ng'ombe wa Kintu anachukuliwa, naye anapanda mbinguni kumfuata na kumwomba binti. Ggulu anampa majaribu: ale chakula kisicholika na mtu mmoja, apasue mwamba kuwa kuni, ateke maji yasiyotoka katika chemchemi wala ziwa, amtambue ng'ombe wake kati ya wengi. Anafaulu, mara ya mwisho kwa msaada wa nyuki. Anapewa Nambi, pamoja na sharti: waondoke upesi na wasirudi kwa lolote watakalosahau, la sivyo Walumbe, ndugu wa Nambi ambaye ni Kifo, atawafuata. Wanasahau ulezi wa kuku. Katika matoleo mengine ni Nambi anayerudi, katika mengine ni Kintu; katika yote Walumbe anafuata.

Wahakiki wengi hukomea kwenye kosa la kurudi, na kisa kinakuwa hadithi ya utovu wa utii, mara nyingi wa mwanamke. Lakini kisa kina ombi la pili ambalo halipewi uzito wake. Walumbe, akiwa sasa duniani, anamwendea shemeji yake na kumwomba mmoja wa watoto wake amsaidie kazi za nyumbani. Kintu anakataa, kwa hofu ya kuulizwa na Ggulu. Hapo ndipo Walumbe anaanza kuwaua watoto. Mtu aliyepanda mbinguni kuomba binti wa mwenzake, akapewa, anaombwa mtoto na ndugu wa mke wake, naye anasema hapana.

Hoja hapa si kwamba Kintu angepaswa kumpa Kifo mtoto. Kisasili hakina jibu rahisi, na ndiyo sababu kimedumu. Hoja ni kwamba kisa kimejengwa juu ya maombi mawili yanayotazamana, na kwamba katika la pili aliyekuwa mwombaji amekuwa mwenye nyumba, mwenye watoto, mwanzilishi wa ufalme. Yaani amekuwa anayeombwa. Kukataa kwake ni kitendo cha kwanza cha kitawala katika kisa. Kisa cha Buhaya na kisa cha Buganda vinalitumia jina la Kintu kwa namna zinazopingana, mtoaji huku na mwombaji kule, lakini vinakubaliana kwamba viti hivi viwili havina mwenyewe wa kudumu, na kwamba kifo huingia pale aliyepokea anapojiona hana tena anayemdai.

5.0 Sultani Darai: Ombi Dogo Kuliko Yote

Ngano ya Sultani Darai inahamisha jambo hili kutoka katika kisasili hadi mjini. Hamdani ni maskini anayechakura jaani kutafuta punje za kula. Siku moja anaokota thumuni na kuitumia kununua paa. Watu wanamcheka. Paa anageuka kuwa mfadhili wa ajabu: anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani wa mji mwingine kama zawadi kutoka kwa bwana wake anayemwita Sultani Darai, anaomba posa kwa niaba yake, anamwosha na kumvisha, na kumuua nyoka mwenye vichwa saba ili bwana wake apate jumba. Hamdani anaoa binti wa sultani na kuitwa sultani.

Kisha paa anaugua. Anamtuma bibi kizee akamwarifu bwana. Ombi lake ni dogo kuliko maombi yote yanayochambuliwa hapa: atazamwe hali, apewe chakula cha mgonjwa. Bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama, chakula kisichostahili, na hata kumtazama hataki. Paa anafariki na maiti yake inatupwa kisimani. Mke anaomboleza na kumwarifu baba yake. Mwishowe Hamdani anaamka na kujikuta jaani, akichakura kama zamani.

Kwa kutumia uainishaji wa Denise Paulme wa ngano za Kiafrika wa mwaka 1976, hii ni ngano ya mzunguko: upungufu, ujazo, upungufu. Lakini kueleza umbo hakutoshi. Sababu ya kurudi jaani ni mahususi. Hamdani hakuvunja mwiko wala hakusahau kwa bahati mbaya. Aliarifiwa mara zaidi ya moja. Alichokifanya ni kuigiza usultani kwa ukamilifu. Anamjibu paa kama masultani wanavyowajibu watumwa wanaougua. Cheo alichopewa kwa hisani amekiamini kuwa cha asili yake, na kwa mtu wa asili hiyo mnyama wa thumuni hana haki ya kuomba. Ngano inamhukumu kwa kipimo kilekile: kama cheo hakitokani na paa, basi na kibaki bila paa. Hakibaki.

Mhusika pekee anayekumbuka ni mke. Katika kisa cha Kintu, binti anayetolewa ndiye mara nyingi hulaumiwa kwa kusahau. Hapa binti aliyetolewa ndiye analinda kumbukumbu dhidi ya mume wake. Yeye alizaliwa jumbani, na anajua kwamba jumba husimama kwa uaminifu kwa waliolijenga. Tofauti hii inatosha kuonya dhidi ya kauli za jumla kuhusu nafasi ya mwanamke katika ngano za kuomba: mara nyingine yeye ni fadhila inayotolewa, mara nyingine ndiye mizani ya fadhila hiyo.

6.0 Ryangombe: Anayetoa Hadi Kufa

Masimulizi matatu yaliyotangulia yanaonyesha mtawala anayesahau au kukataa. Kisa cha Ryangombe kinaleta kinyume chake, na kwa hiyo kinaijaribu hoja ya makala. Ryangombe anakwenda mawindoni licha ya onyo la mama yake. Njiani anakutana na mwanamke mwenye mtoto. Mwanamke anaomba ngozi ya kumbebea mtoto. Ryangombe anamtolea ngozi za wanyama aliowawinda. Mwanamke hatosheki na anataka ya nyati. Hatimaye anageuka mwenyewe kuwa nyati na kumpiga pembe, na Ryangombe anafia kwenye mti wa umuko. Kabla ya kufa anaacha wosia kwamba watu wa makundi yote wamheshimu na waingizwe katika ibada yake, kubandwa.

Kwa fasiri ya "shukrani" kisa hiki ni kigumu, kwa sababu Ryangombe hana kosa la ukarimu. Kila alichoombwa alitoa au alikubali kukitafuta. Ukikisoma karibu na kisa cha Wamara, hata hivyo, maana inajitokeza. Wote wawili ni wakuu wa mawindo, wote wanafuata windo hadi mahali ambapo mamlaka yao hayafiki, wote wanakufa, na wote wanageuka kuwa wanaoombwa na watu wote. Wamara anafika huko kwa kusahau deni, Ryangombe kwa kutoa bila kujibakiza. Ni kana kwamba masimulizi ya pande mbili za eneo la Ngara yameligawana swali moja. Anayestahili kuombwa daima ni nani? Kisa cha Rwanda kinajibu kwamba ni yule ambaye hakukataa ombi hata lilipokuwa mtego. Kwa hiyo Ryangombe haipingi hoja. Anaikamilisha kwa kuonyesha gharama ambayo mtawala wa kweli angepaswa kuilipa.

7.0 Mjadala: Masimulizi Haya ni ya Nani?

Pingamizi kubwa dhidi ya usomaji huu ni la kihistoria. Visasili vya Wachwezi vilihifadhiwa pia na makasri. Wahinda walihitaji Wamara aanguke ili utawala wao uonekane halali. Padri van Thiel, aliyechapisha maelezo ya Businza mwaka 1911, aliyaandika kwa kufuata nasaba ya Wahinda, na wakusanyaji wengi wa wakati ule waliwasikiliza wazee wa makasri kabla ya wengine. Je, kisa cha mfalme aliyesahau si propaganda ya wafalme waliomfuata?

Pingamizi hili lina ukweli, lakini halifuti hoja. Kasri linaweza kusimulia kisa cha Wamara ili kusema "wale walianguka, sisi tumesimama", lakini haliwezi kuzuia kisa kisimuliwe jikoni kwa maana ya "wale walianguka, na ninyi mnaweza kuanguka". Kanuni inayomwangusha Wamara haina kifungu kinachowasamehe Wahinda. Kila utawala unaotumia kisa hiki kujihalalisha unakubali, bila kutaka, kwamba uhalali ni mkopo. Nguvu ya masimulizi imo katika uwezo huo wa kutumikia pande mbili, na mhakiki anayechagua upande mmoja peke yake anaupoteza uwezo huo.

Ni lazima pia kutambua mipaka ya ukosoaji uliomo. Masimulizi haya hayahoji kuwepo kwa mtoaji na mwombaji. Hayawazi nchi ambayo ng'ombe hawaombwi kwa sababu kila mtu anao. Yanachohoji ni madai ya mtoaji kwamba yeye ni mwanzo. Mtu anayetafuta humo wito wa kufuta ubugabire au nyarubanja hataupata. Wito huo ulitoka kwingine, na sheria za miaka ya 1950 na 1960 zina historia yake. Lakini mtu anayetafuta mahali ambapo walioishi ndani ya mifumo hiyo waliiwazia kwa uhuru, atapapata hapa.

Ushahidi wa pembeni unapatikana katika riwaya ya Aniceti Kitereza, iliyokamilishwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Safari ya Myombekere kwenda kumwomba mkewe Bugonoka kwa wakwe zake imeelezwa kwa utulivu mkubwa: mwombaji anajishusha, wakwe wanachelewesha jibu, pombe ya ndizi inadaiwa, na kuitengeneza kunakuwa kazi ya watu wengi. Riwaya inaonyesha kuomba kwa watu wa kawaida, ambako mwombaji wa leo ni mwombwaji wa kesho na kila mtu analijua hilo. Ikilinganishwa nayo, hatia ya Wamara na Hamdani inaonekana wazi zaidi: walijitoa katika mzunguko ambao jirani yeyote asingethubutu kujitoa.

Suala hili halikomei katika masimulizi. Katika Kiswahili cha sasa mfadhili ni pia nchi au shirika linalotoa fedha, na Ngara imelisikia neno hilo kwa wingi tangu Aprili 1994, umati mkubwa wa wakimbizi ulipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kambi ya Benaco ikageuka mji. Katika matumizi hayo mapya, mfadhili husimama upande mmoja na mfadhiliwa upande mwingine, na hakuna anayeuliza mfadhili alipewa na nani. Masimulizi ya kale yangeliuliza swali hilo kwanza.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba tendo la kuomba katika masimulizi yaliyochambuliwa halifungwi na kutolewa kwa kilichoombwa. Mtoaji wa Propp, anayeondoka baada ya kutoa, hapatikani hapa. Mahali pake pana mtoaji anayebaki akisubiri kutambuliwa. Anayeshindwa kumtambua ni mtawala: Wamara mwenye ng'ombe, Kintu mwenye nyumba, Hamdani mwenye jumba. Ryangombe, asiyeshindwa, analipa kwa uhai wake. Kwa hiyo dhamira ya "shukrani" inapaswa kusomwa kwa kuangalia ilielekezwa kwa nani. Funzo hilo, ambalo kwa muda mrefu limechukuliwa kuwa onyo kwa maskini, katika matini zenyewe ni hesabu inayopelekwa kwa bwana.

Kwa upande wa utafiti, matokeo haya yanadokeza kazi mbili. Ya kwanza ni kukusanya na kuchapisha, kwa Kihangaza, Kishubi, Kisubi na Kizinza pamoja na tafsiri ya Kiswahili, masimulizi ya eneo hili ambamo mikondo ya Wamara na Ryangombe hukutana, na kuangalia msimulizi anampa nani kiti cha mwombaji. Ya pili ni kuzisoma upya ngano za pwani zilizokusanywa katika karne ya 19 bila kutanguliza methali. Mhakiki anayeanza na "Fadhila za punda ni mateke" amekwisha kuamua nani ni punda, na ngano ya Sultani Darai inaonyesha kwamba uamuzi huo ndio uliomrudisha Hamdani jaani.